Maneno Meupe kwenye Skrini Nyeusi

Kila asubuhi Mama Pacha alianza kazi kwa kufagia studio. Studio yenyewe ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao, kile kinachotazama barabara. Ukutani palitundikwa pazia la bluu la kupigia picha za pasipoti. Kando palikuwa na taa mbili za miguu mitatu, kiti kinacholia kila ukikikalia, na meza ya kompyuta. Akishafagia, alipangusa vumbi mezani, akachomeka waya ukutani, akabonyeza kitufe. Kompyuta ikanguruma. Siku imeanza.

Mumewe, Baba Pacha, alikuwa mpiga picha. Harusi, mahafali, mikutano, misiba, kote aliitwa na kote alienda. Lakini kazi ya kukaa hakuiweza. Mwambie akae mbele ya kompyuta kidogo tu, utamkuta kidevu kimegusa kifua, anakoroma. Kwa hiyo kazi ya kukata video, kuipanga na kuitia muziki ilifanywa na dada yake.

Dada huyu alikuja kwao baada ya ndoa yake kuvunjika. Alifika na begi moja, akasema atakaa kidogo tu ajipange. Akakaa miaka. Yeye na Mama Pacha waliitana wifi, kama mke na dada wa mume wanavyoitana, na mtaa mzima ukalidaka jina hilo. Vijana waliokuja kupiga picha walipenda kuuliza, "Hapa kuna waifai?" Baba Pacha hujibu, "Wifi yupo, ila hatoi nywila." Wote wanacheka, na Wifi mwenyewe anacheka kuliko wote.

Wifi alikuwa na mkono wa kazi ile. Hakusomea popote. Alikaa tu, akajaribu, akakosea, akarudia. Katika video ndefu ya harusi aliweza kuona pale baba wa bibi harusi anapogeuka kufuta machozi kisirisiri. Hapo ndipo alipokata, na hapo ndipo watu walipolia wakitazama nyumbani kwao. Wateja walikuwa wakifika mlangoni wanasema, "Tunamtaka yule dada."

Na Mama Pacha? Yeye alipokea wateja, alipiga picha za pasipoti, alichapa, alikata kwa mkasi, alitia kwenye bahasha. Hakuwa mtu mbaya. Lakini kila aliposikia "tunamtaka yule dada", kitu kidogo kilimchoma moyoni. Alitabasamu, akakimeza.

*

Kipindi hicho umeme ulikuwa unakatika ovyo. Unaondoka bila kuaga, unarudi kwa kishindo. Balbu ziliungua, na friji ya jirani ikafa. Baba Pacha akatoa amri, "Tukifunga studio, kompyuta ichomolewe ukutani. Kabisa. Ikiungua hii, tumekwisha."

Amri ilikuwa nzuri, nao waliifuata.

Asubuhi moja kompyuta iliwashwa, ikakwama njiani. Skrini ilikuwa nyeusi, na juu yake maneno machache meupe.

"Wifi, hebu njoo uone," dada yule aliita. Aliinama akasoma polepole, kidole kikifuata mstari. "Inasema mipangilio yake imepotea. Inasema imeweka mipangilio ya akiba, ile ya usalama. Halafu tubonyeze kitufe ndiyo iendelee."

"Basi bonyeza," Mama Pacha alisema huku akichambua bahasha.

"Si tumwite mtu aiangalie kwanza?"

"Wifi, bibi harusi yuko njiani anakuja kuchukua diski zake. Bonyeza."

Wifi akabonyeza. Kompyuta ikaendelea kama kawaida. Kesho yake maneno yakatokea tena. Wifi akasema tena, naye akaambiwa tena abonyeze. Baadaye hakuna aliyeyasoma. Yalipotokea, kidole kilienda chenyewe kwenye kitufe.

Lakini tangu asubuhi ile kompyuta haikuwa ile. Ilikuwa nzito. Harusi ambayo Wifi alizoea kuianza baada ya chai na kuimaliza kabla ya chakula cha mchana, sasa ilikula siku nzima. Ukiitazama kazi wakati unaikata, sauti na picha haziendi pamoja. Bwana harusi ameshafumba mdomo ndiyo kiapo kinasikika. Wifi alikaa kitini, mkono shavuni, akitazama mstari wa kijani unaoonyesha kazi imefika wapi ukitambaa kwenye skrini.

"Umelala?" Mama Pacha alimuuliza siku moja.

"Nasubiri mashine, wifi. Inasuasua. Nilishawaambia iangaliwe."

Wateja walianza kuguna. Mmoja alikuja kila siku, akasimama mlangoni bila kusalimu, akaondoka. Mwingine alisema kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo ya barabara kwamba ndoa ya mwanawe itavunjika kabla hajaiona video yake.

Siku hiyo, baada ya mteja yule kuondoka, Mama Pacha alikaa mwenyewe kwenye kompyuta kutafuta kazi aliyodaiwa. Wifi alikuwa amewapeleka watoto, wale pacha, kununua viatu vya shule. Mama Pacha alifungua kabrasha moja baada ya jingine. Ndipo alipoona jambo. Faili alilojua limetengenezwa jana lilikuwa na tarehe ya miaka mingi nyuma, kabla hata pacha hawajazaliwa. Na la juzi hivyohivyo. Mengine yalikuwa na tarehe sahihi, mengine ya kale.

Kisha mawazo yakaanza kujipanga yenyewe. Mtu anayebadilisha tarehe anaficha kitu. Anaficha nini? Anaficha kazi zake za pembeni. Anafanya harusi za watu wengine kwenye mashine yetu, ndiyo maana imejaa, ndiyo maana imechoka. Akakumbuka kwamba mwezi uliopita alimwona Wifi amesimama na mwenye studio ya pili, ile ya karibu na benki, wanazungumza na kucheka. Basi. Kila kitu kikaingia mahali pake.

Wifi aliporudi, Mama Pacha alimsubiri watoto waingie ndani.

"Nani anabadilisha tarehe kwenye hii kompyuta?"

"Inajibadilisha yenyewe, wifi. Kila asubuhi inarudi nyuma. Nikikumbuka naiweka sawa, nikisahau inabaki hivyo."

"Inajibadilisha yenyewe. Ina mikono?"

"Wifi, una maana gani?"

"Nimeuliza tu."

Lakini hakuwa ameuliza tu. Jioni alikuwa kwenye kiti cha msusi, akisukwa nywele, na mdomo ukamponyoka. Alimwambia msusi kwamba kuna watu unawakaribisha nyumbani wanakuchimba chini kwa chini. Msusi akauliza ni nani. Mama Pacha akasema hataki kutaja. Kisha akataja. Na wanawake wawili waliokuwa wakisubiri zamu walitazama chini kama hawasikii.

*

Mambo yalipasuka mchana wa Jumapili, wakiwa mezani. Mama Pacha alikuwa ameshamweleza mumewe yote, na kwa kuwa hasira hupenda kuongeza chumvi, aliongeza. Baba Pacha alikiweka chini kijiko chake.

"Dada, nakuuliza mbele ya mke wangu, ujibu kweli. Unafanya kazi za watu wengine kwenye mashine yangu?"

Wifi aliwatazama kwa zamu. "Hapana, kaka."

"Na tarehe?"

"Tarehe inarudi yenyewe. Na yale maneno ya asubuhi yanasema hivyohivyo, kwamba mashine imesahau mipangilio yake. Nimesema mara ngapi? Muulize wifi."

"Sijawahi kuona kompyuta inasahau siku," Baba Pacha alisema. "Watu husahau. Mashine haisahau."

"Kaka, mimi ni mwizi?"

Hapo palikuwa na nafasi. Baba Pacha angeweza kusema hapana. Alimtazama mkewe, mkewe akatazama sahani. Pacha waliacha kutafuna.

"Nimesema unipe maelezo," alijibu.

Wifi hakulia. Alimaliza chakula chake, maana alilelewa hivyo, sahani haiachwi na chakula. Akainuka, akaiosha, akaifuta, akaiweka kabatini. Kisha akaingia chumbani. Alipotoka alikuwa na begi lilelile alilokuja nalo. Pacha wakamfuata mpaka barabarani wakiuliza, "Shangazi unaenda wapi? Unarudi lini?" Hakuna mtu mzima aliyetoka kumbebea begi.

Kesho yake asubuhi Mama Pacha alifagia, akapangusa meza, akachomeka waya, akabonyeza kitufe. Skrini ikawa nyeusi. Maneno meupe yakatokea. Akabonyeza. Alipoangalia saa ya kompyuta pale pembeni, tarehe ilikuwa ya miaka ile ya kale.

Akaitazama tena. Wifi hayupo. Jana jioni yeye mwenyewe ndiye aliyefunga. Nani ameibadilisha?

Alimwambia mumewe. Baba Pacha alikuna kichwa, akafikiri kidogo. "Labda aliiharibu kabla ya kuondoka," alisema.

"Eeh," Mama Pacha alijibu haraka. "Ndiyo. Itakuwa hivyo."

Wote wawili waliyashika maneno hayo kama mtu anayeshika ukuta gizani. Hawakuyazungumza tena.

*

Wiki zilipita, mambo yakazidi kuwa mabaya. Mama Pacha alijifunza kukata video kwa shida. Mashine ilikuwa nzito vilevile, na mkono wa Wifi haukuwapo. Mteja mmoja alikuja akadai memori kadi yake. "Nipeni picha zangu nizipeleke kwingine," alisema. "Mnanitesa bure."

Siku moja jirani yao alifika kupiga picha ya pasipoti. Mtaa ulimwita Fundi Miwani. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye miwani minene, na kazi yake ilikuwa kutunza kompyuta za hospitali. Maneno yake yalikuwa makavu. Hakuwa na subira na uvivu, na alikuwa mwepesi wa kukutania ukiwa huna hamu ya utani.

Picha ilipigwa. Akakaa kwenye kiti kinacholia, akasubiri ichapwe. Akasubiri. Akaangalia simu yake, akasubiri.

"Mama Pacha, hiyo kompyuta inachapa picha au inachemsha maharage?"

"Ndivyo ilivyo siku hizi," Mama Pacha alijibu kwa aibu. "Kuna mtu aliiharibu."

"Aliiharibuje?"

"Sijui. Ilianza tu kuwa nzito."

"Izime uiwashe tena. Nataka kuiona inavyoamka. Mgonjwa anaangaliwa tangu anapoamka."

Mama Pacha aliizima, na kwa mazoea akachomoa waya ukutani, akauchomeka tena, akaiwasha. Skrini nyeusi. Maneno meupe. Kidole chake kikaenda kwenye kitufe.

"Wee! Acha!" Fundi Miwani alimshika mkono. "Unabonyeza nini? Umesoma?"

"Huwa yanatokea kila siku."

"Kila siku mashine inakuambia inaumwa, na kila siku unaifunga mdomo." Akasogea, akasoma kwa sauti, akiyageuza maneno kwa lugha yao. "Mipangilio imepotea. Mipangilio ya usalama imewekwa. Tafadhali kagua kasi ya prosesa. Yote yameandikwa hapa. Nani angekuambia zaidi ya hivi?"

Mama Pacha alikiondoa kidole kwenye kitufe.

"Sasa sikiliza," Fundi Miwani alisema, akavuta kiti karibu. "Ndani ya kompyuta kuna prosesa. Huyo ndiye mshonaji, ndiye anayefanya kazi. Halafu kuna kumbukumbu. Si ile memori kadi ya kamera, hapana. Hii ni ya ndani, ndiyo meza ambayo mshonaji anawekewa vitambaa. Mshonaji akiwa mwepesi lakini vitambaa vinaletwa polepole, atafanya nini?"

"Atakaa anasubiri."

"Na mshonaji mwenyewe akishona polepole?"

"Kazi italala."

"Haya. Kila mmoja ana kasi yake aliyotengenezewa. Inapimwa kwa mapigo, mapigo mamilioni kwa sekunde moja, tunaita megahezi. Megahezi zikifika elfu, tunaita gigahezi moja. Sasa tuone wako wanakwendaje."

Aliizima na kuiwasha tena, akawa anagonga kitufe cha kufutia mara kwa mara mashine ilipokuwa inaamka. "Kwenye mashine nyingine ni F2," alisema. "Yenyewe huandika chini ya skrini ubonyeze kipi. Soma." Ukafunguka ukurasa wa bluu wenye safu za maneno. Fundi Miwani akatoa simu yake akaupiga picha.

"Kwa nini unapiga picha?"

"Kabla hujagusa chochote, weka kumbukumbu ya jinsi kilivyokuwa. Ukikosea unarudi ulikotoka. Na unabadilisha kitu kimoja tu, unajaribu, ndiyo unaenda kingine. Ukibadilisha vitano kwa pamoja, kikiharibika kitu hutajua ni kipi."

Akaweka kidole kwenye skrini. "Hii ni kasi ya prosesa. Inasema gigahezi moja na nusu. Kitabu cha bodi, ile sahani kubwa ya ndani inayobeba vyote, kipo?"

Kilikuwepo, chini ya droo, bado kwenye plastiki, pamoja na boksi la prosesa. Juu ya boksi iliandikwa gigahezi mbili.

"Umeona? Mtu wa mbili anatembezwa kwa moja na nusu." Akaizima mashine, akachomoa waya wa umeme, akafungua ubavu wake. Kabla ya kugusa chochote ndani alishika kwanza chuma cha kasha la mashine. "Mwili una umeme wake mdogo. Shika chuma kwanza uutoe, usije ukaunguza vitu." Akachomoa kipande cha kumbukumbu, chembamba kama rula fupi, akamwonyesha kibandiko chake. "Soma."

"Mia tatu thelathini na tatu."

"Na kwenye skrini, nitakuonyesha kwenye picha ya simu, ilikuwa megahezi mia mbili. Mshonaji amepunguzwa mwendo, na anayemletea vitambaa naye amepunguzwa mwendo. Ndiyo maana huoni kazi ikitoka."

"Nani amewapunguza?"

Fundi Miwani alikirudisha kipande mahali pake mpaka kikalia. Kisha akagusa kitu kidogo cha duara, cha rangi ya fedha, kama kifungo cha koti. "Huyu hapa. Betri. Kama ile ya saa ya mkono. Kazi yake ni kuilinda mipangilio pamoja na saa wakati mashine haina umeme. Hii imekufa siku nyingi. Kwa hiyo kila mkichomoa waya ukutani, mashine inasahau kila kitu. Bodi za zamani kama hii, zikisahau, zinajiwekea mwendo wa chini kwa usalama, zisije zikajiunguza. Na tarehe inarudi mwanzo. Si ilikuwa inarudi nyuma?"

Mama Pacha alikuwa amesimama. Akakaa sakafuni, palepale kwenye saruji aliyoifagia asubuhi.

"Tarehe," alisema. "Inaweza kurudi nyuma yenyewe?"

"Kila asubuhi. Bila mkono wa mtu."

"Bila mkono wa mtu."

"Una nini, Mama Pacha?"

"Endelea tu, fundi. Nakusikiliza."

*

Betri mpya ilipatikana duka la saa, kona ya pili. Fundi Miwani alimfanya Mama Pacha aiweke kwa mikono yake mwenyewe, upande wenye maandishi ukitazama juu. Wakaiwasha, wakaingia tena kwenye ukurasa wa bluu. Mama Pacha akaweka tarehe na saa. Kisha akaweka kasi ya prosesa kama ilivyoandikwa kwenye boksi. Wakahifadhi, wakaiacha iamke, wakaona imetulia. Wakarudi wakaweka kasi ya kumbukumbu kama ilivyoandikwa kwenye kibandiko.

"Siwezi kuizidisha kidogo?" Mama Pacha aliuliza. "Iwe nyepesi zaidi?"

"Unaweza, ukitaka kulia. Ukizidisha mwendo kupita ulioandikwa, inapata joto, inazimika ghafla. Kumbukumbu ikikimbizwa kupita uwezo wake inaanza kukosea, na ikikosea, harusi ya mtu inaandikwa ikiwa mbovu kwenye diski na hujui mpaka mteja akurudie. Weka ilichoandikiwa, basi."

Kisha alimwonyesha njia ya kuangalia bila hata kuingia kwenye ukurasa wa bluu. Unabonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu ya picha ya kompyuta, unafungua sifa zake, unasoma jina la prosesa na mwendo wake. "Ila kompyuta za kisasa hupunguza mwendo zenyewe zikiwa hazina kazi, kutunza umeme," alisema. "Ukiikuta hivyo usianze kupiga kelele. Ipe kazi kwanza, ndiyo usome."

Mama Pacha alichukua harusi moja iliyomlaza macho wiki nzima, akaiamuru itoke. Mstari wa kijani ukakimbia. Sauti ya bwana harusi na mdomo wake vikaenda pamoja, neno kwa neno. Ilikuwa nyepesi kama zamani.

Fundi Miwani alipiga makofi mara moja. "Umepona! Sasa nipe picha yangu ya pasipoti niondoke."

Mama Pacha alimpa bahasha. Hakucheka.

*

Baba Pacha aliporudi, alimkuta mkewe amekaa mbele ya kompyuta, ile betri iliyokufa iko mezani. Alimweleza yote kwa sauti ndogo. Baba Pacha aliishika betri ile, akaigeuza.

"Wewe ndiye uliyesema ni yeye," alisema.

"Na wewe ndiye uliyemuuliza mbele ya watoto."

Hakuna aliyekuwa na nguvu ya kugombana. Baba Pacha akapiga simu, akaweka sauti ya nje. Iliita sana kabla ya kupokewa.

"Halo, kaka."

"Dada. Mashine... Ilikuwa betri. Ulisema kweli. Tumekukosea."

"Ahaa," sauti ilijibu. Nyuma yake ilisikika mashine nyingine inazunguka, kubwa, yenye maji.

"Uko wapi sasa?" Mama Pacha aliuliza.

"Niko kwenye nyumba moja ya wageni, wifi. Nafua mashuka."

"Si ungeenda kwa yule mwenye studio ya karibu na benki? Kazi unaijua."

"Nilienda. Kesho yake tu nilipotoka kwenu. Aliniambia anaijua kazi yangu, ila kasikia nilikuwa nawaibia. Sijui alisikia wapi. Nilienda na kwingine. Nako walikuwa wamesikia."

Mama Pacha alifumba macho.

"Wifi, nisamehe. Rudi nyumbani."

"Nyumbani wapi?"

Baba Pacha aliirudisha betri mezani.

"Kusamehe nimeshasamehe," Wifi alisema. "Sitaki kukaa na kinyongo, kinanichosha. Lakini siwezi kukaa tena kwenye kile kiti huku nikijiuliza leo kitapotea nini. Wasalimie pacha. Waambieni shangazi yao hajambo." Akakata.

Siku iliyofuata Mama Pacha alifunga studio mchana, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alikwenda kwa mwenye studio ya karibu na benki, akamweleza kwamba alimsingizia wifi yake, na kwamba dada yule ni mwaminifu. Mtu yule alimsikiliza kwa adabu. "Pole sana, mama," alisema. "Ila mimi nilishaajiri mwingine." Akaenda kwa msusi. Msusi alisimamisha kitana hewani. "Habari ile? Mbona mimi nilishaisahau." Mmoja wa wateja akadakia, "Yule aliyekuwa anamwibia kaka yake?" Hakukumbuka aliyasikia kwa nani. Alichokumbuka ni wizi tu. Mama Pacha akasimama katikati ya chumba, mbele ya watu wote, akasema, "Hakuiba. Mimi ndiye niliyesema uongo. Nilisema hapa hapa, kwenye kiti hiki." Wengine walimwonea huruma, wengine walimwona mtu wa ajabu.

Kazi ya studio ilirudi. Sasa ikitokea kitu chochote kwenye skrini, Mama Pacha hasogezi kidole kabla ya kusoma, na asipoelewa anauliza. Mara kwa mara anafungua kuona kama prosesa na kumbukumbu ziko kwenye mwendo wake. Amewaonyesha mwenye duka la kuchapa karatasi na mwalimu wa masomo ya jioni namna ya kufanya hivyo. Wote wawili walizikuta mashine zao na betri zilizokufa. Foleni ya wateja imerudi mlangoni, na hakuna anayeguna.

Wiki iliyopita, asubuhi, aliingia mama mmoja mzee, amevaa vizuri. Mwanawe wa pili alikuwa ameoa. Harusi ya mwana wa kwanza ilikatwa hapohapo, miaka iliyopita, na mzee alisema huwa anaitazama bado, hasa pale mume wake marehemu anapogeuka kufuta macho. Aliweka memori kadi mezani.

"Nataka afanye yule dada. Yuko wapi?"

Zamani Mama Pacha angesema amesafiri.

"Tulimfukuza, mama. Tulimshuku kwa jambo ambalo hakulifanya. Mashine ndiyo ilikuwa mbovu."

"Na mashine?"

"Imepona."

Mzee yule aliichukua kadi yake, akaitazama kiganjani, kana kwamba anaipima uzito. Baadaye akairudisha mezani.

"Basi nifanyie wewe," alisema. "Lakini sitakaa humu kusubiri."

Akatoka, akasimama nje juani, akiwa ameupa mlango mgongo, mpaka kazi ilipokwisha. Haikufika hata wakati wa chakula cha mchana.